Doa la Pimbi: Kuisoma Picha ya Mwamba Unaong'aa

Hotuba kwa wapiga picha na wanafunzi wa sanaa, Mbale, mashariki mwa Uganda

Mzee mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa, mama na dada mliofunga studio mapema ili mfike, vijana mliokuja na kamera begani: hamjambo, na asanteni kwa subira yenu wakati projekta ikitafutiwa umeme.

Picha iko mbele yenu. Aliyeipiga ameomba tuisome hadharani bila kumtaja jina na bila kumwonea haya, na ombi hilo tutalitimiza pande zote mbili. Ni picha ya wima. Imepigwa upande wa Teso, wakati wa alasiri, chini ya mwamba wa matale, yaani graniti, ulioinama mbele kama paa la baraza. Ameiita "Jiwe Linalowaka". Hamna mti, hamna mtu, hamna upeo wa macho. Kuna jiwe na rangi, basi.

Tuitazame kwanza kabla ya kuipa maksi. Theluthi ya chini ni giza la buluu iliyoiva. Kutoka pembe ya chini kushoto unapanda ufa mwembamba, unapinda kidogo, kisha unakimbilia pembe ya juu kulia. Katikati unapita ukanda wa rangi ya chungwa, unaokoza kuelekea kulia, kama lubugo jipya, ile nguo ya gome la mti, lililotundikwa mlangoni jua likiwa nyuma yake. Juu kushoto jiwe linageuka zambarau. Michirizi myeusi inashuka kutoka darini. Karibu kabisa na kitovu cha mng'ao kuna doa jeupe, refu kama kidole kwa ukubwa wa skrini hii. Na pale pembeni juu kulia kipo kipande cha anga, cheupe pe, hakizidi ukucha.

Wale mnaokaa karibu na vilima vya mawe mmeshalitambua hilo doa. Ni mkojo wa pimbi. Pimbi hurudi kukojoa mahali pale pale miaka nenda miaka rudi. Maji yanakauka, chokaa inabaki jiweni. Naomba mlikumbuke, kwa sababu katika picha hii yote ndilo shahidi mkweli kuliko wote, na uchambuzi wangu karibu wote umeegemea hapo.

Swali la kwanza kwa picha ya mwamba unaong'aa si kama inapendeza. Ni hili: mwanga huu umetoka wapi?

Makaa ya sigiri yanawaka yenyewe. Zima taa ya chumba na bado utayaona. Mwamba huu hauwaki. Jua likizama unakuwa mweusi kama ukuta mwingine wowote. Tena hapo ulipong'aa jua halikuugusa. Jua lilipiga ardhi iliyo mbele yake, ule udongo mwekundu wa murramu na nyasi zilizokauka, na mwanga ukadunda kutoka chini kwenda juu hadi ndani ya kivuli cha paa la jiwe. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, kutu kwa lugha ya nyumbani, na kutu humeza buluu ikaachia nyekundu. Chukueni mfano wa hesabu, siyo kipimo: tuseme udongo unarudisha sehemu 40 katika 100 za nyekundu na sehemu 10 tu za buluu. Mwanga ulioingia mweupe unatoka ukiwa na nyekundu mara 4 ya buluu. Ukidunda mara ya pili kwenye kitu cha rangi hiyo hiyo, nyekundu inakuwa mara 16.

Hapo ndipo penye nguvu ya makorongo ya jimbo la Arizona, Marekani, ambako picha za namna hii zimepigwa kwa maelfu. Antelope Canyon, katika ardhi ya Wanavajo, ni ufa uliochongwa na mafuriko kwenye jiwe la mchanga lenye chuma. Kuta zimekaribiana mno, na mwanga wa adhuhuri unarushwa ukuta huu na ule mara kadhaa kabla ya kufika chini. Kila mdundo unaongeza wekundu. Maji yaliyolichonga bado yanapita: tarehe 12 Agosti 1997 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 11 waliokuwa ndani yake. Mwamba wetu wa Teso hauna kuta mbili zinazotazamana. Mdundo wake ni mmoja, mara chache miwili. Kwa hiyo rangi yake ya haki ni ya asali. Hapa kwenye skrini tunaona rangi ya damu na chungwa bivu, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna jambo limetendeka mezani baada ya kamera kurudi nyumbani.

Rudini sasa kwenye doa la pimbi. Doa ni jeupe. Linakaa katikati ya mwanga wa chungwa, nalo ni jeupe kama chaki. Haliwezekani hilo. Kitu cheupe hakina rangi yake ya kujitetea. Kinavaa rangi ya mwanga unaokiangukia. Ukishika karatasi nyeupe karibu na sigiri usiku, karatasi inakuwa ya chungwa. Kama mwamba huu ulimulikwa na mwanga wa asali, doa lilipaswa kuwa la asali, hafifu kuliko jiwe lakini la asali. Mbona ni jeupe?

Kilichotokea ni hiki, na kimewatokea wengi waliomo humu. Kamera iliachwa kwenye mizani ya weupe ya kujiendesha, ile alama ya "auto" inayokaa pamoja na alama za jua, wingu na balbu. Kazi ya mizani hiyo ni kutafuta kinachoonekana cheupe na kukirudisha kuwa cheupe. Ndani ya duka lenye taa za njano ni msaada mkubwa. Chini ya mwamba ni mwizi. Kamera iliona uchungwa umetawala picha, ikadhani ni kosa la taa, ikaufuta. Doa likawa jeupe, jiwe likarudi kuwa la kijivu chenye waridi kidogo, na kile kilichomfanya mpiga picha asimame pale kikawa kimeondoka. Alipofika nyumbani akaiona picha imepoa, akaikumbuka rangi aliyoiona kwa macho, akashika kitelezi cha kukoleza rangi na kukisukuma kulia. Waridi hafifu ya felspa, moja ya madini ya matale, ikaruka kuwa chungwa kali. Vivuli vilivyokuwa vimesukumwa kwenye buluu vikaruka kuwa zambarau. Doa, ambalo halikuwa na rangi ya kukolezwa, likabaki jeupe.

Kwa hiyo tunachokitazama ni rangi ya jiwe iliyopandishwa, wakati tulichotaka ni rangi ya mwanga. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na jicho la mtazamaji linavitofautisha hata kama ulimi wake hauna maneno ya kueleza. Ndiyo maana wengi wenu mliguna kwa kupendezwa picha ilipofunguka, halafu baada ya nusu dakika mkaanza kutazama pembeni. Rangi ya mwanga inashika kila kitu kilichomo kwa haki moja: jiwe, doa, ukoga, vumbi. Rangi ya kitelezi inachagua.

Dawa yake si ngumu, mradi faili ghafi ipo, yaani RAW, ile ambayo kamera haijaichakata. Kama kamera ilihifadhi JPEG peke yake, uamuzi wa mizani umeshachomelewa ndani na utakachookoa ni kidogo. Rudisha kukoleza rangi kwenye sifuri. Weka mizani ya weupe kwenye jua la mchana, kati ya kelvini 5200 na 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), yaani uiambie programu kwamba mwanga wa jua ndio mweupe, na kila kilichotofautiana na jua kionekane kilivyotofautiana. Doa litageuka asali mbele ya macho yako. Giza la chini litabaki na buluu yake ya anga, lakini tulivu, maana ile zambarau haikuwa ya mwamba. Baada ya hapo, kama rangi bado ni dhaifu, ongeza kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, kidogo kabla ya kufikiria kukoleza. Mara nyingi kinachokosekana ni giza, wala siyo rangi.

Hapo nataka tukae kidogo, kwa maana ndipo picha hii inapostahili sifa. Mwalimu, tafadhali ziba theluthi ya chini ya skrini kwa lile bango. Mnaona? Chungwa limekufa. Limekuwa rangi ya ukuta wa duka. Ondoa bango: linawaka tena. Hakuna pikseli hata moja ya chungwa iliyobadilika. Jicho linasema kitu "kinang'aa" pale linapoona ung'avu ukipanda polepole kutoka gizani, bila mstari mkali wa kivuli na bila kuiona taa yenyewe. Mpiga picha huyu aliacha theluthi nzima ya karatasi yake iwe giza, na akauacha mteremko kutoka giza hadi mwanga uwe mrefu. Hiyo inahitaji moyo. Wengi tungevivuta vivuli juu ili "kuonyesha kila kitu", tukabaki na jiwe lililosawazishwa kama uji. Giza lile ni kazi nzuri, na nitamsihi mwenyewe asiliguse.

Buluu ya giza hilo nayo ina chanzo. Sehemu za chini za ufa hazioni udongo uliopigwa na jua; zinaona anga. Mwanga wa anga ni wa buluu. Ndiyo sababu mwamba mmoja, wakati mmoja, unakuwa asali upande unaotazama ardhi na buluu upande unaotazama juu. Mkipanga kupiga picha za namna hii, zungukeni mwamba mkiuliza kila uso: wewe unatazama nini? Chukueni karatasi nyeupe, muisogeze karibu na jiwe, na mtaiona rangi ya mwanga pale pale bila kubahatisha. Lakini angalieni sana: msiitumie karatasi hiyo kuweka mizani ya weupe. Studioni ndivyo tunavyofanya na ndivyo sahihi. Hapa mtakuwa mmeufuta mng'ao kwa mikono yenu.

Sasa kosa la pili, ambalo halikutoka mezani bali lilianzia kwenye kamera. Tazameni kitovu cha mng'ao, kulia kwa doa. Matale ni jiwe la punje: kwatsi inayometa, felspa ya waridi, vipande vyeusi vya maika. Upande wa kushoto punje zinahesabika. Kulia zimeyeyuka, jiwe limekuwa laini kama beseni la plastiki. Wengi watasema fokasi imekosea. Fokasi iko sawa, maana ukingo wa ufa hapo hapo umekatwa kama kwa wembe. Kilichotokea ni kwamba chaneli nyekundu imejaa. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Kwenye mwanga wa chungwa nyekundu inafika 255 wakati nyingine mbili bado ziko katikati ya safari. Histogramu moja ya kijivu, ule mchoro wa mlima unaoonyesha mgawanyo wa ung'avu, inapima ung'avu wa jumla, nayo itakuambia mambo ni shwari. Nyekundu imeshagonga dari, na punje zote zilizokuwa na tofauti ndogo ndogo za wekundu zimepewa namba moja.

Fungueni histogramu ya rangi tatu kwenye kamera, siyo ile moja. Chini ya mwamba wenye mng'ao, punguzeni kiasi cha mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuupunguza mwanga kwa nusu) kutoka pale kipimo cha kamera kinapopendekeza, hadi mlima mwekundu uache nafasi kidogo upande wa kulia. Kamera nyingi zinachora histogramu hiyo kwa kutumia JPEG ya ndani, kwa hiyo inaogopa mapema kuliko faili ghafi; hilo ni kwa faida yenu. Na kila anayekoleza rangi ajue kwamba kitelezi hicho hicho kinaisukuma nyekundu darini hata kama kamera ilikuwa imeiacha salama. Katika picha hii naamini yote mawili yamefanyika.

Kuhusu saa ya kupiga. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, navyo vinasifu saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa mwisho kabla ya jua kuzama, kana kwamba ni saa kweli. Hapa kwetu jua linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa. Digrii 6 za mwisho kabla ya kuzama zinaisha kwa dakika 24 hivi. London, mwezi Machi au Septemba, digrii hizo hizo zinachukua karibu dakika 38, na safari yenyewe ni ya mshazari. Anayefika mwambani saa kumi na mbili na nusu jioni akianza kufungua standi, amechelewa.

Habari njema ni kwamba mng'ao wa kudunda hauhitaji saa ya dhahabu. Unachohitaji ni jua kali juu ya ardhi ya mbele na kivuli juu ya jiwe. Jua likiwa digrii 30 hadi 50 angani ardhi tayari inarudisha mwanga mwingi, na kwa siku za Machi na Septemba hapa mashariki hiyo ni kuanzia kama saa tatu kasorobo hadi saa nne asubuhi, kisha tena alasiri, saa tisa na nusu hadi kama saa kumi na dakika 45. Wakati wenzenu wamekaa wakinywa chai wakisema mwanga ni mbaya, chini ya paa la jiwe ndio umekolea.

Mwelekeo wa jua kwa mwaka nao mtauona ukiwafaa. Mji wa Kumi, huko Teso, uko kama digrii moja na nusu kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linapita kaskazini, kama digrii 22 kutoka utosini, na kuta zinazotazama kaskazini zinapata mwanga unaoteleza kutoka juu hadi chini, ule unaochora kila punje. Desemba ni zamu ya kuta za kusini. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba jua linasimama juu ya kichwa, kuta zote zilizo wima zinakaa kivulini au kwenye ukingo wake, na ardhi peke yake ndiyo inawaka. Hiyo ndiyo adhuhuri ya mng'ao kutoka chini. Ila ardhi iwe kavu. Udongo uliolowa unakuwa mweusi na kurudisha mwanga kidogo, na nyasi mbichi baada ya mvua zinaupaka mwamba ukijani unaochukiza, ambao hakuna kitelezi kitakachouondoa bila kuharibu asali. Desemba hadi Februari, nyasi zikiwa zimekauka, ndiyo miezi ya kazi hii upande wa Teso. Ninyi wa hapa Mbale mnao mlima wa Wanale unaotazama magharibi. Jua la jioni linaupiga moja kwa moja. Ni mzuri sana, lakini huo ni mwanga wa kupiga, wenye kivuli kikali, na sheria zake ni nyingine.

Vipimo vya kamera havina ujanja mwingi. Standi ya miguu mitatu, ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na chini ya paa la jiwe shata itakuwa ya polepole. Tumieni kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Msiende f/22 mkidhani mnaongeza ukali. Tundu dogo mno linatawanya mwanga na picha nzima inalainika. Badala yake, wekeni mgongo wa kamera sambamba na uso wa mwamba. Picha hii ilipigwa kamera ikiwa imeinuliwa kutoka chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya ufa imefifia, na katika picha dhahania ufa ndio sentensi. Herufi zake za kwanza hazisomeki. Kichujio cha polaraiza kitoeni kwanza, mtazame kwa macho. Kinaondoa mmeto wa juu juu kwenye jiwe na kinakula stopu moja na nusu hadi mbili. Mara nyingine mmeto ule ndio buluu unayoitaka.

Tuje kwenye fremu. Kipande cha anga pale pembeni ni kidogo, na ndicho kinachoniumiza zaidi. Jicho hukimbilia mahali peupe kuliko pote, na ufa wenyewe unalisukuma huko kama mfereji. Unaingia chini kushoto, unapanda, unapita kwenye mng'ao bila kusimama, unatokea nje kupitia tundu la anga. Picha inavuja. Zaidi ya hayo, anga linatuambia ukubwa wa kila kitu: kumbe hili ni paa la jiwe, kumbe tuko nje, kumbe ni saa kumi. Udhahania wote unafungwa mlango. Kuikata picha pale juu kungesaidia, lakini ukikata hadi anga liishe unapoteza mwisho wa ufa. Suluhisho lilikuwa uwanjani: hatua moja kushoto na kamera kuinamishwa kidogo, ufa ukafia ndani ya chungwa. Kabla ya kubonyeza, zungusheni jicho kwenye kingo nne za kioo, polepole, ukingo baada ya ukingo. Inachukua sekunde tano.

Kuna pia unyasi mmoja chini kushoto, labda hamjauona. Ni mkavu, una urefu wa pikseli chache. Wengine watasema uondolewe kwa programu. Mimi ningeuacha, na hapa najua mwalimu mmoja wenu hatakubaliana nami. Anga linapiga kelele kuhusu ukubwa, unyasi unanong'ona. Mtazamaji anakaa dakika nzima akiamini anaona bonde kutoka kwenye ndege, kisha anaukuta unyasi na bonde zima linakunjamana kuwa ukuta wa kimo cha mtu. Mshtuko huo mdogo ni zawadi.

Kuhusu neno lenyewe, dhahania. Aaron Siskind, mpiga picha wa Marekani, kuanzia miaka ya 1940 alipiga picha za kuta, rangi zilizobanduka na mawe kama uso bapa usio na masafa, akiwa karibu na wachoraji wa zama zake. Alifanya kazi kwa nyeusi na nyeupe. Umbo lilibeba kila kitu. Eliot Porter, Mmarekani mwingine, naye alikwenda Glen Canyon, korongo la Mto Colorado, mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapiga kwa rangi mwanga uliodunda kwenye kuta za korongo, kabla ya bwawa lililoanza kujaa maji mwaka 1963 kulizamisha. Jaribuni kuibadilisha picha hii kuwa nyeusi na nyeupe, kama mtihani tu. Mwalimu, tafadhali. Ufa unabaki na nguvu, michirizi inabaki, mteremko wa giza unabaki. Basi mifupa ipo. Kingebomoka kila kitu, tungejua kwamba chungwa lilikuwa linaficha uvivu. Haikuwa hivyo, na hii ndiyo sababu nimeona picha hii inastahili jioni nzima.

Jina tu ndilo ningelibadilisha. "Jiwe Linalowaka" linamwambia mtazamaji aone moto, akishaona moto anamaliza. Jina la mahali na mwezi lingetosha.

Jambo moja kuhusu adabu ya miamba, na hapa siombi bali nasema. Miamba ya Teso ina kazi za watu waliotangulia. Nyero, wilayani Kumi, kuna miduara ndani ya miduara iliyochorwa kwa udongo mwekundu, madini yale yale ya chuma yanayoupa mwamba wetu rangi alasiri. Katika maeneo mengi ya michoro ya miambani watu wamemwagia maji ili rangi ikoze mbele ya kamera. Maji yanayeyusha chumvi ndani ya jiwe, yakikauka chumvi inajitokeza juu na kuifunika au kuibandua rangi. Msimwage maji, msipitishe chaki, msiegemeze standi ukutani. Kama rangi ni hafifu, ngojeni jua lihame.

La mwisho ni kuchapa. Chungwa ang'avu la skrini halimo kwenye uwezo wa karatasi ya mati, ile isiyong'aa. Wino utaligeuza kuwa kahawia ya matofali. Karatasi ya nusu mng'ao inalibeba vizuri zaidi. Chapeni kwanza kipande cha mtihani, upana wa kiganja, kinachoshika doa, kitovu cha mng'ao na giza kwa pamoja, mkitazame nje kwenye kivuli cheupe, siyo chini ya balbu ya njano. Na mkienda kwenye studio za kuchapa mjini, mwambieni fundi kwa upole na kwa msisitizo azime marekebisho ya rangi ya mashine. Mashine ile ikipokea picha ya chungwa inafikiri imeletewa kosa, inafanya kile kile kilichofanywa na kamera chini ya mwamba. Mtarudi nyumbani na jiwe la kijivu na doa jeupe.

Mwenye picha ameniruhusu kufungua faili yake ghafi, na nimeambiwa ipo. Washeni taa za nyuma tu, hizi za mbele ziacheni zimezimwa. Kijana wa kompyuta, weka kukoleza rangi kwenye sifuri, mizani kwenye 5300, kisha kuza pale kwenye doa, sote tuone linakuwa rangi gani.